Mama Vidonge wa Chumba cha Kusikiliza

Ijumaa, tarehe thelathini ya mwezi wa sita, fundi mkuu wa kompyuta wa maktaba yetu atamkabidhi mlinzi funguo zake na kwenda nyumbani, baada ya utumishi wa miaka thelathini na miwili. Kwa haki alipaswa kuondoka miaka miwili iliyopita. Kwa nini hakuondoka ndiyo habari yenyewe ya wasifu huu, na kamati ya sherehe imeniomba niieleze kwa ufupi, kwa kuwa ukumbi una viti vichache na sisi sote tumechoka.

Tumechoka kweli, wala sijazi ukurasa. Lifti ilikufa zamani, na tangazo la kwamba inafanyiwa matengenezo limepauka hadi halisomeki. Paa la ghala linavuja pale pale lilipozibwa. Anayeondoka haletewi mrithi, kazi zake zinagawiwa waliobaki. Mwandishi wa wasifu huu ni wa dawati la kuazimisha vitabu, lakini pia ni mhariri wa jarida hili, mtunza ufunguo wa choo cha wageni na, tangu mwaka jana, msimamizi wa maua. Katikati ya uchovu huo wa pamoja, Mama Vidonge alikuwa na uchovu wake wa peke yake, na aliubeba bila kelele nyingi. Kelele chache alikuwa nazo.

Aliajiriwa kama mpiga taipu wa kadi za katalogi. Wakongwe wa hapa wanakumbuka kasi yake, na pia tabia yake ya kubishana na vitabu alivyokuwa akiviorodhesha. Kadi ya kitabu kimoja cha mapishi, ambayo bado ipo kwenye droo, ina neno "uongo" limechapwa pembeni kwa herufi ndogo. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa ilifunikwa kitambaa na kufungiwa chumbani, huku wakubwa wakiangaliana nani apelekwe kozi. Yeye alikuwa likizo ya uzazi, hakuwepo kujitetea, basi akachaguliwa. Alirudi kazini akiwa na mtoto wa pili na cheo kipya ambacho hakuna aliyekionea wivu.

Jina la Mama Vidonge lilikuja baadaye sana. Kadi za kumbukumbu, zile zinazochomekwa kwenye simu, ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na za kwanza zilimpotea ovyo. Mojawapo ilikuja kuonekana ndani ya kiatu cha mhasibu. Ndipo akanunua kwenye duka la dawa lile boksi la plastiki lenye vyumba saba, la wagonjwa wanaomeza dawa kila siku, kila chumba na siku yake. Katika mkutano mmoja wa wafanyakazi alilitoa mkobani, akachungulia Jumanne, akalifunga tena kwa masikitiko, na minong'ono ikaanza. Mama wa usafi alimwombea. Mkuu wa utumishi alimwita faragha, akampa pole na kumhakikishia kwamba ofisi inaelewa. Nyumbani ilikuwa kazi zaidi, kwani mama mkwe wake alimgombeza mbele ya wageni kwamba tangu juzi hajagusa dawa zake, ndiyo maana anakonda. Alipoeleza kwamba ndani ya boksi kuna mifumo ya kompyuta, mama mkwe aliuliza kama daktari anajua.

Lakini nieleze hiyo mifumo, maana bila hiyo hamtaelewa kilichomzuia kustaafu.

Wengi wenu mmewahi kupita Chumba cha Kusikiliza, kule mwisho wa korido ya chini, mkono wa kushoto baada ya ngazi. Ni chumba cha wasomaji wasioona. Zamani kilikuwa na kanda, na kanda zilipochakaa kikawa na kimya. Kisha tukapewa msaada wa katoni moja ya kompyuta za ubao mmoja. Kompyuta hizo ni ubao mtupu wa saketi, wa kutosha kwenye kiganja, wenye chipu ya ARM ya ukoo ule ule wa simu za mkononi, matundu ya nyaya na mwanya wa kadi. Hazina skrini wala kasha. Mfumo wa uendeshaji, yaani ile programu mama inayoamsha kompyuta na kuipangia kazi, hukaa kwenye kadi. Ukibadilisha kadi, umebadilisha mfumo. Katoni ilikaa ghalani mpaka maji ya paa yalipoanza kuikaribia. Mama Vidonge ndiye aliyeiokoa. Aliviweka vibao mezani, akavifungia spika za masikioni, akavitia programu ya kusoma maandishi kwa sauti, na chumba kikaanza kujaa tena. Bibi mmoja, fundi cherehani wa zamani ambaye macho yamemwishia, alikuwa akija kila Jumatano kusikiliza sheria za ardhi, kwa sababu ana kesi ya kiwanja na hamwamini wakili wake.

Mambo yakaenda vizuri, kisha yakaharibika kama kawaida yetu. Mfumo uliokuja na vibao ulizidi kunenepa kila ulipofanyiwa marekebisho, mpaka sauti ikaanza kukwama katikati ya sentensi. Bibi wa cherehani alikuwa akisubiri kifungu cha sheria kimalizike huku amekunja mikono, mwisho anavua spika na kwenda kujipikia chai. Halafu waliotengeneza vibao wakatangaza kwamba vimezeeka na hawatavihudumia tena. Vilikuwa na umri wa mtoto wa shule ya msingi. Mkurugenzi, ambaye si mtu mbaya ila ana vyumba vingi na kila kimoja kinamlilia, alisema vitupwe.

Mama Vidonge hakuvitupa. Alianza kutafuta mifumo mingine, ile huria, inayotengenezwa na watu wa kujitolea huko na huko duniani ambao huiachia yeyote aitumie, aifungue na aitengeneze atakavyo. Ni myepesi, na haimwambii mtu kwamba kibao chake kimezeeka. Ubaya wake ni kwamba haikubembelezi. Huu ulikubali kuamka lakini haukuitambua spika. Ule uliitambua spika, ukakataa mtandao. Mwingine ulifanya vyote kwa uzuri kabisa kisha ukawa unazimika kila mara mtu alipofungua mlango, na mpaka leo hatujui kwa nini. Kila mfumo aliojaribu ulipewa siku yake kwenye boksi. Aliandika maswali kwenye majukwaa ya mtandaoni ambako wataalamu wasiojulikana humjibu mtu kwa kumwambia akasome maelekezo. Aliyasoma. Yalikuwa na makosa, akayasahihisha, akawatumia.

Kibao kisicho na skrini kikikataa kuamka hakikwambii kitu. Dawa yake ni waya wa kukisikilizia: unauchomeka kwenye pini zake, upande wa pili kwenye laptopu, na kila wazo la kibao linajiandika mstari kwa mstari. Waya huo una ncha ya kusema na ncha ya kusikia, na ni lazima zipishane, mdomo wa huku uende kwenye sikio la kule. Kila anayeanza kazi hii huunganisha mdomo kwa mdomo, kisha anakaa mbele ya laptopu tupu akijiuliza amekosea wapi. Mama Vidonge alikaa hivyo siku yake ya kwanza karibu asubuhi nzima. Alipogundua, alisema ameona mikutano ya idara inayoendeshwa kwa mtindo huo huo.

Mwishowe mfumo mmoja ulikubali. Vibao vikasoma bila kukwama, bibi wa cherehani akamaliza sheria za ardhi na kuanza za mirathi, jambo lililowatia hofu watoto wake. Ila kazi haikuisha, kwa sababu kazi ya namna hii haina mwisho. Kadi huchoka na kufa. Mfumo hutolewa toleo jipya, na kila toleo linapaswa kusakinishwa kwenye kila kibao, kupimwa na kuaminiwa upya. Miguu yake ilianza kuvimba. Alivaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, ili aone pini. Mume wake, dereva mstaafu, kila alipokuja kumchukua jioni alituuliza kwa upole kama tumepanga kumrudishia mke wake akiwa bado anatembea.

Muda wake wa kustaafu ulipofika, mkurugenzi alimweleza wazi: siku atakayoondoka, Chumba cha Kusikiliza kitafungwa na kuwa stoo ya viti, kwa kuwa hakuna mwingine anayeweza kukihudumia, na hakuna ruhusa ya kuajiri. Hakusema kwa kumtisha, ni hali halisi. Mama Vidonge aliomba aongezewe mwaka afundishe mtu. Wa kwanza aliyefundishwa alipata kazi kwingine kabla ya kujua kuchomeka waya. Wa pili ni mimi, na afadhali tuendelee mbele. Mwaka ukaisha, akaomba mwingine. Siku hizo alikuwa akiniona koridoni, anasimama, anashika ukuta, anasema, "Nimechoka, mwenzangu," halafu anaendelea na safari. Ni maneno tunayoambiana hapa kila siku badala ya salamu, lakini kwake yalikuwa taarifa.

Sasa namleta Opereta. Mnamjua wote, hata mnaodhani hamumjui, maana kwa miaka mingi yeye ndiye aliyepokea simu ya maktaba. Haoni tangu utotoni, na aliijua kila ofisi ya jengo hili kwa namna watu wake wanavyokohoa. Kisha ikawekwa ile mashine inayomwambia mpigaji abonyeze moja, abonyeze mbili, na Opereta akabaki na meza, kiti na mshahara, bila simu. Alisema hakujua kwamba kukaa kunachosha kuliko kazi. Alikuwa akishinda Chumba cha Kusikiliza, na alikuwa msomaji mwenye malalamiko kuliko wote: sauti nzito, sauti nyembamba, sauti inameza mwisho wa maneno. Mama Vidonge alikuwa akimwambia, "Kaka yangu, nihurumie," naye anajibu, "Dada, nakuhurumia, ila irekebishe."

Siku moja macho yalimgomea Mama Vidonge kabisa. Kibao kilikuwa kinakataa kuamka, mistari inapita kwenye laptopu, na hata kwa miwani miwili aliona wadudu tu. Opereta alikuwa kwenye kiti cha jirani akilalamika. Mama Vidonge alimwomba achomeke ule waya kwenye laptopu yake yeye, ile inayomsomea kila kitu, amwambie kibao kinasema nini. Opereta husikiliza kwa kasi ambayo sisi tunasikia mlio wa cherehani. Alisikiliza, akainua mkono, akarudisha nyuma, akasema kibao kinatafuta sehemu ya kadi ambayo haipo. Ndilo kosa alilokuwa akilitafuta wiki nzima.

Mama Vidonge akamuuliza kama ana shughuli kesho.

Kuanzia hapo walikuwa wawili. Nilikuwa nawasikia kutoka dawatini kwangu wakigombana kama ndugu waliogawana chumba. Mama Vidonge alimfundisha kuandika mfumo kwenye kadi, kukipapasa kibao na kuijua kila pini, kuweka kidole juu ya chipu: ikiwa ya moto, kibao kiko macho; ikiwa baridi, anza upya. Alipompa boksi la vidonge kwa mara ya kwanza, akianza kumhesabia vyumba kutoka kushoto, Opereta alipitisha kidole juu ya vifuniko akacheka. Siku zote saba zilikuwa zimeandikwa kwa nukta za wasioona. Mama Vidonge alikuwa amelibeba miaka yote hiyo akidhani ni mapambo.

Mkurugenzi alipoambiwa nani atarithi, aliwaza sana. Alisema hana shaka na Opereta kama mtu, ila hawezi kuahidi chumba kwa maneno. Akaweka mtihani: Opereta asakinishe mfumo kwenye kibao kitakachochaguliwa na mkurugenzi mwenyewe, katika chumba cha mikutano, Mama Vidonge akiwa nje. Kikisoma, chumba kinabaki na Opereta anahamishiwa huko. Kisiposoma, viti vinaingia.

Asubuhi hiyo Mama Vidonge alimpa Opereta boksi lake, akakaa kwenye benchi la koridoni na mkoba mapajani. Mimi niliingia kama shahidi, kwa kuwa ndimi pekee nisiye na kazi ya maana saa hizo. Mkurugenzi alileta kibao kutoka katoni ya ghalani. Opereta alifungua chumba cha Jumatatu, akaandaa kadi, akaichomeka, akaunganisha umeme, akavaa spika za masikioni. Tukasubiri. Alizivua, akazisikiliza kwa nje, akazivaa tena. Kimya.

Mkurugenzi aliangalia dirishani kwa heshima. Mimi niliangalia maua, ambayo yalihitaji maji.

Opereta aliweka kidole juu ya chipu. Ilikuwa ya moto, basi kibao kilikuwa macho, ila hakina sauti. Akaanza kupapasa pembe zake taratibu. Katoni ile ilikuwa na vibao vya aina mbili, kaka na mdogo, vinavyofanana kwa umbo, ila mdogo ana matundu manne ya skrubu na kaka ana mawili. Vyote vya mezani kule chumbani, kwa tulivyojua, vilikuwa wadogo. Hiki kilikuwa na matundu mawili. Kadi ya Jumatatu ilikuwa ya wadogo, kwa hiyo kibao kiliamka kikijidhani ni mdogo wake, kikawa kinasoma kwa sauti nzuri kupitia tundu la kuchomekea skrini, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kusikiliza. Kadi ya kaka hukaa Alhamisi. Opereta alifungua Alhamisi. Ilikuwa tupu.

Mkurugenzi alisema, bila ubaya wowote, kwamba pengine tumwite mama aseme alikoiweka, si kosa la mtihani. Opereta alitikisa kichwa.

"Mwacheni dada apumzike," alisema.

Akatoa ule waya mfukoni, akaupachika kwenye pini, mdomo kwa sikio, akavaa spika za laptopu yake. Tulisikia mlio wa cherehani. Alichapa, akafuta, akachapa. Ndani ya kadi kuna mstari mmoja unaokiambia kibao wewe ni nani, na mstari huo ndio alioubadilisha. Akazima, akawasha, akavaa spika za kibao, na uso wake haukutuambia chochote. Kisha akazivua na kumpa mkurugenzi.

Mkurugenzi alisikiliza sana, kuliko ilivyohitajika. Nadhani alikuwa amepewa kitabu kizuri. Alipozivua alisema, "Chumba kibaki. Mwambieni mama aende nyumbani."

Tulitoka kumpa habari. Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea ukuta, miwani yote miwili imeteremkia puani, viatu amevivua na kuvipanga chini ya benchi. Wageni walikuwa wakipita, mlango wa choo ukigonga, naye hana habari. Opereta aliuliza mbona yuko kimya hivyo, nikamwambia. Alisimama akisikiliza pumzi zake.

"Tusimwamshe," alisema.

Tulikaa naye kwenye benchi, mmoja huku na mmoja huku, kazi zetu zikitungoja. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kulala katika jengo hili bila kuficha. Alipofumbua macho hakuuliza saa, wala nani ameamua nini. Alimgeukia Opereta.

"Kimesema?"

"Kimesema, dada."

Aliinama, akavaa viatu, kimoja kimoja, kwa shida kwa sababu ya ule uvimbe. Kadi ya Alhamisi ilikuwa kwenye kibao cha bibi wa cherehani, alisema. Cha kwake kilikufa jana, akampa kibao cha aina ya kaka. Akasimama akishika bega la Opereta, akaenda zake kupiga simu kwa mumewe. Boksi la vidonge lilibaki mkononi mwa Opereta, na hakulidai.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa rafu, wa ghala, wa mapokezi na wa mashine ya kubonyeza moja, jarida hili linakushukuru, Mama Vidonge, kwa kila kibao ulichokikatalia kutupwa na kwa kila sauti uliyoirudisha katika chumba kile. Wasomaji wako wameomba waseme wenyewe siku ya sherehe, na bibi wa cherehani ametuonya kwamba kesi ameshinda na hotuba yake ni ndefu.

Kamati imenikataza kukuandikia ulale salama, kwa kuwa hayo ni maneno ya makaburini, na wewe unakwenda nyumbani tu, kwa mume aliyekungoja miaka miwili zaidi. Basi tunakutakia asubuhi nyingi za kuchelewa kuamka, na viatu vikae chini ya kitanda. Jumatatu chumba kitafunguliwa saa ile ile. Usije.